Litania na Seboulisa

Utoto wangu hauhitaji maneno mengi: kanisa Katoliki, rozari, kisha vitabu. Nimestaafu kufundisha ushairi, nami bado nashikilia hoja iliyonitenga na wahakiki wengi wa rika langu: Audre Lorde hasomeki sawasawa imani yake ikiwekwa kando. Wao walimwona mwanamke mweusi anayewapenda wanawake, aliyezaliwa Harlem mwaka 1934, binti wa wahamiaji kutoka Karibiani, aliyesomeshwa na masista, wakaamua kwamba dini kwake ilikuwa kifungo alichokikata alipoanza kuandika. Kazi yake yenyewe inawakatalia. Katika The Black Unicorn, diwani ya mwaka 1978, limo shairi ambalo yeye mwenyewe aliliita litania. Aliyekulia kanisani anajua inavyofanya kazi: maombi hupangwa kwa muundo uleule, hata marudio yakabeba uzito usiobebeka na sentensi moja. Kwa ufundi huo Lorde alizitaja hofu za watu ambao altare haikuwahi kuwaombea.

Diwani hiyohiyo inamwita Seboulisa, mungu wa kike, mama wa Abomey, mji mkuu wa ufalme wa zamani wa Dahomey, Afrika Magharibi, na hapo ndipo ubishi unapopamba moto. Husemwa kwamba Afrika yake ni ya vitabuni, pambo tu, kwa kuwa mzaliwa wa New York hakurithi miungu ya Dahomey. Ni kweli hakurithi. Utumwa ulikwishaukata urithi wa namna hiyo. Alisafiri Afrika Magharibi mwaka 1974, ila siitegemei safari hiyo kumtetea. Kipimo changu ni shairi. Liondolee “125th Street and Abomey” jina la Seboulisa, na anayetembea kwenye theluji ya Harlem hana tena wa kumwambia neno. Shairi lote linaporomoka. Pambo likibanduliwa, nyumba haibomoki. Tena, alipokatwa titi kwa saratani mwaka 1978 akakataa kuvaa la bandia, aliwataja wanawake wapiganaji wa Dahomey katika The Cancer Journals. Anachokishika mtu katika ugonjwa wa namna hiyo, mimi nakiita imani.

Vijana mnaoandika leo, mnanihuzunisha mnapoorodhesha utambulisho wenu mwanzoni mwa shairi mkadhani kazi imekwisha. Lorde alijitaja mweusi, msagaji, mama, mpiganaji, mshairi, lakini kila jina alilipa kazi ndani ya mstari. Chukueni litania yake, muondoe rudio moja tu, kisha muisome kwa sauti.