Laura Pausini: Sauti Iko, Lakini Watu Wako Wapi?

Leo ni ile albamu nimeingoja mpaka nikachoka. Mashabiki wenzangu wa Laura Pausini, mnivumilie, kwa sababu sitaisifu tu juu nampenda.

Kwa wale hamumjui, Laura ni mwimbaji wa Italia, mzaliwa wa Faenza. Alivuma mwaka wa 1993 aliposhinda upande wa wasanii chipukizi kule Sanremo akiwa na miaka 18 tu. Mwaka uliofuata akatoa albamu ya Kihispania, na tangu hapo kazi zake nyingi huja pacha: moja Kiitaliano, nyingine Kihispania. Ile ya Kihispania inayoitwa Escucha ndiyo ilimletea Grammy mwaka wa 2006. Kwa hivyo huyu si msee wa kujaribu jaribu lugha ya wenyewe.

Sasa, baada ya Fatti sentire ya 2018 tulikaa miaka mitano bila albamu mpya ya studio. Halafu tarehe 27 Oktoba 2023 ikatoka Anime parallele, na pacha wake Almas paralelas. Nyimbo 16. Nimezisikiliza zote, kwa lugha zote mbili, zaidi ya mara moja.

Sauti haina shida hata kidogo. Laura akipanda juu bado unasimamisha chenye ulikuwa unafanya. Shida ni ngoma zenyewe.

Kuna wenye watasema ni hii mambo ya kuimba kila kitu mara mbili. Mimi nakataa. Chukua La solitudine, ile ya 1993. Kuna kijana anaitwa Marco, ameenda, treni ya asubuhi iko bila yeye, na msichana amebaki na maswali. Ilipogeuzwa La soledad, Marco alibaki Marco na bado akaenda. Lugha ilibadilika lakini uchungu ukafika, kwa sababu kulikuwa na mtu ndani ya wimbo.

Kwenye hii ya 2023 nimemtafuta Marco nikamkosa. Nasikia mapenzi, maisha, wakati, kudumu. Maneno makubwa, na yanahama kutoka Kiitaliano hadi Kihispania bila kukwama popote. Sisi tunaoongea Kiswahili, Kizungu na Sheng ndani ya siku moja tunajua vile mchongoano mkali ukihamishwa lugha huwa unakataa kabisa, mpaka uutafutie maneno mapya. Hizi ngoma hazikatai. Zinateleza tu, na wimbo ukiisha sikumbuki ulikuwa unamhusu nani.

Na hiyo ndiyo inaniuma, juu jina la albamu lenyewe ni kama Roho Sambamba. Nilitarajia kukutana na hao watu, kila mtu na njia yake. Badala yake nimepata muziki uliosafishwa ukang'aa, na kila mtu anafanana na mwenzake.

Isipokuwa Scatola. Hapo Laura anaongea na yule msichana aliyekuwa zamani, na manze, unaamini. Aliyeshiriki kuiandika ni Madame, msanii aliyezaliwa 2002, mtu wa rika letu. Labda ndiyo maana. Hakuja kumpigia Laura makofi, alimletea swali. Ngoma kumi za hivyo zingetosha, zile zingine zikae.

Najua mwaka wa 2023 Latin Recording Academy ilimtaja Mtu wa Mwaka, na heshima hiyo aliitolea jasho miaka thelathini. Lakini tuzo inaangalia alikotoka. Mimi shabiki naangalia anakoenda, na sitaki aende huko akiwa amestarehe sana.

Kwenye simu yangu zimebaki mbili: Scatola, na Un buon inizio ya kuchangamsha asubuhi. Mbili kati ya 16. Wewe ungebakisha ngapi? Na usiniambie zote.