Mbayuwayu wa Kwale hufinyanga kibuyu chake mwenyewe

Familia nyingi za mjini zinazoteremka Diani wakati wa likizo hufuata bahari. Macho yote huwa mbele, kwenye maji na mchanga mweupe, na ni wachache wanaokumbuka kutazama juu. Lakini hebu, msomaji, siku moja simama chini ya upenu wa jengo la zamani pale Ukunda, au chungulia chini ya daraja dogo katika barabara ya kwenda Msambweni. Huenda ukaona kitu cha udongo kilichogandamana na dari, umbo lake kama kibuyu kilichopasuliwa katikati kikabandikwa pale juu, na shingo yake ndiyo mlango. Hiyo ni nyumba ya mbayuwayu.

Ndege huyu ameishi karibu na binadamu tangu zamani. Kwa bahati mbaya, nyumba nyingi tunazojenga siku hizi hazimfai, na pale anapojaribu kujenga, mara nyingi hupokewa kwa fagio. Jamaa yoyote yenye baraza au ukumbi wa nje inaweza kumsaidia, tena bila gharama kubwa. Ila ni lazima kwanza kumfahamu mgeni mwenyewe.

Fundi wa udongo

Ukivuka kwa feri ya Likoni na kushika barabara ya Lungalunga, utapita Kombani, Tiwi, Ukunda na Gazi kabla ya kuingia Msambweni. Upande wa kulia ni milima ya Shimba, yenye msitu na udongo mwekundu unaoshika viatu wakati wa mvua. Upande wa kushoto, kuelekea ufuoni, ardhi ni mchanga na mawe ya matumbawe. Tofauti hiyo ya udongo ni jambo kubwa kwa mbayuwayu, kama itakavyoonekana.

Wako mbayuwayu wa aina nyingi, lakini huyu tunayemzungumzia hutambulika kwa urahisi. Utosi wake una rangi ya kutu, mgongo ni buluu iliyokoza karibu na weusi, na kifua ni cheupe kilichojaa mistari myeusi. Mkia ni mrefu, wenye panda. Chakula chake ni wadudu wanaoruka, nao huwakamata hewani bila kutua.

Mvua zinyeshapo, dume na jike huteremka kwenye vidimbwi, huchota tope kwa mdomo na kulipandisha darini kidonge kimoja kimoja. Mdomo ndio mwiko wao wa uashi. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya siku nyingi na mamia ya vidonge, chungu kinakamilika, na mwisho wake huongezwa bomba la udongo la kuingilia. Ndani hutandikwa manyoya na nyasi laini. Jike hutaga mayai meupe, matatu hivi. Mayai huatamiwa kwa kiasi cha wiki 2, na makinda hukaa ndani kama wiki 3 kabla ya kuruka. Kiota kikibaki salama, wenyewe hurudi msimu ujao, wakakitia viraka na kukitumia tena.

Asichanganywe na yule mbayuwayu mwingine anayeonekana amejipanga kwenye nyaya za umeme kati ya Septemba na Aprili. Huyo ni msafiri kutoka Ulaya na Asia. Anakuja kukimbia baridi ya kwao, na hajengi kiota huku kwetu.

Kibuyu kilichovuka bahari

Huko Marekani yuko mbayuwayu mkubwa wa rangi ya zambarau ambaye habari zake ni za ajabu. Zamani alikaa katika matundu ya miti yaliyochimbwa na vigogota. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiwemo Wachoctaw na Wachickasaw, walikuwa na desturi ya kumtundikia vibuyu vitupu juu ya miti na miti ya nguzo karibu na makao yao. Desturi ikaenea kwa walowezi, na leo, katika upande wa mashariki mwa Marekani, ndege hao karibu wote hutegemea vibuyu na masanduku wanayowekewa na watu.

Wafugaji wa ndege hawa wamekuwa mafundi kwelikweli. Kibuyu hupakwa rangi nyeupe ili kisipate joto kali, hutobolewa vitundu chini ili maji yasituame, kisha huinuliwa juu ya mlingoti wa mita 4 au 5, mahali pa wazi mbali na miti. Shimo la mlango lina upana wa kama sentimita 5. Lakini mwaka wa 1890 kwezi wa Ulaya waliachiliwa katika bustani moja ya New York, wakazaana nchi nzima na kuanza kunyang'anya wenzao viota. Mafundi wakabadilisha mlango: badala ya duara wakachonga umbo la nusu mwezi lenye kimo cha sentimita 3 tu. Mbayuwayu hulala kifudifudi akapenya, kwezi mnene akabaki nje.

Jambo la kutufurahisha sisi ni kwamba wataalamu wa mimea wanasema asili ya mmea wa kibuyu ni Afrika, na kwamba ulifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus. Ni mung'unye huu huu unaopikwa ukiwa mchanga hapa Pwani, na ukikomaa na kukauka hugeuzwa chombo cha maji au cha tembo la mnazi.

Kwa nini tusitundike tu?

Mtu anaweza kusema: basi nasi tununue vibuyu sokoni Kwale, tuvitoboe na kuvitundika. Sivyo. Mbayuwayu wetu wa mistari haingii katika tundu la kupewa likining'inia hewani. Yeye hutafuta dari imara ya kubandika udongo. Isitoshe, chombo kitupu kinachoning'inia Kwale kina mteja mwingine aliye tayari, naye ni nyuki. Wafugaji wa nyuki hulijua hilo vyema, ndiyo maana hutundika mizinga mitini na kungoja. Kibuyu kitupu juu ya baraza ambapo watoto hucheza kinaweza kukuletea kundi la nyuki badala ya ndege.

Tunachoweza kujifunza kwa Wamarekani ni ile tabia ya kumchunguza ndege, kujua anachohitaji na anayemwonea, kisha kurekebisha nyumba kwa kiasi hicho. Mahitaji ya mbayuwayu wa Kwale ni matatu: mahali pakavu pa kushika udongo, udongo wenyewe, na amani.

Namna ya kufanya

Kwanza, dari. Ukuta na dari vilivyopigwa plasta laini na rangi ya mafuta havishiki tope. Vidonge hudondoka kabla ya kukauka. Chukua ubao usiopigwa randa, wa urefu wa sentimita 30 na upana wa 20 hivi, uukaze kwa skrubu bapa kwenye dari ya upenu, karibu na ukuta, mahali pasipofikiwa na mvua wala jua la mchana. Usiupake rangi wala vanishi. Chagua kona ambayo paka hawezi kuifikia.

Pili, udongo. Wakaao ufuoni Diani au Tiwi wana shida hapa, kwani mchanga haushikani. Wakati wa masika na vuli, weka karai pana uani lenye udongo mwekundu au wa mfinyanzi, ulioloweshwa mpaka uwe kama wa kufinyangia chungu. Liweke peupe ili ndege aone adui akija, na ulirudishie maji kila asubuhi. Usiache maji yakasimama juu ya udongo, yasije yakazaa mbu.

Tatu, usafi. Malalamiko makubwa ya wenye nyumba ni kinyesi kinachochafua sakafu. Dawa yake ni kibao kingine kilichofungwa nusu mita chini ya kiota, kinachoweza kushushwa na kuoshwa. Yeyote atakayekiosha anawe mikono kwa sabuni.

Wanafunzi wa vilabu vya wanyamapori shuleni wanaweza kwenda mbele zaidi. Chukueni kibuyu kikavu, mkipasue kwa urefu pamoja na shingo yake, mkikwaruze kwa msasa na kukipaka tope. Kisha kipachikeni kwenye ubao, upande uliopasuliwa ukielekea dari, shingo ikibaki na uwazi wa kama sentimita 4. Hapo mtakuwa mmeiga nyumba ya mbayuwayu mwenyewe. Wekeni daftari, mwandike kila siku nani amekuja. Wakiingia nyuki, msiwasogelee. Mwalimu amwite mfugaji wa nyuki.

Adui mwenye shingo ya kijivu

Kama Marekani ilivyoletewa kwezi, nasi tuliletewa kunguru. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu anayejaa katika majaa ya Ukunda si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kula taka, akasambaa mwambao mzima, na Mombasa alionekana mwaka wa 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo bila huruma. Mwaka wa 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1.

Kiota cha udongo chenye bomba jembamba ni ngome nzuri dhidi yake, mradi hakijavunjwa. Lakini kunguru hufuata makombo. Nyumba inayoacha mifupa na mabaki ya samaki wazi humwalika, hata ikiwa na mbao kumi za mbayuwayu. Kwa hiyo pipa lenye kifuniko ni sehemu ya kazi hii.

Mnazi, mbuyu na kaya

Wasio na upenu wa kufaa bado wana la kufanya. Yuko teleka wa minazi, ndege mwembamba wa kijivu ambaye wengi humdhania ni mbayuwayu ingawa ni wa ukoo mwingine. Huyu hugandisha manyoya kwa mate yake chini ya kuti kavu linaloning'inia, kisha huyagandisha na mayai ili upepo usiyamwage. Kila kuti kavu likikatwa ili bustani ipendeze, teleka hana pa kulala. Mnazi mmoja ulio pembeni, wapitapo watu wachache, unaweza kuachiwa makuti yake. Na mbuyu mkongwe wenye tundu ni mji mzima: teleka wa aina nyingine, na mbayuwayu mkubwa ambaye Waingereza humwita wa msikiti, huzalia katika mapango ya miti kama hiyo.

Ukitaka kuona miti iliyoachwa izeeke, nenda Kaya Kinondo, kusini mwa Diani. Msitu huu ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani.

Diani yenyewe imeshaonyesha kwamba majengo na wanyama vinaweza kupatana. Mbega walipokuwa wakigongwa na magari, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1997 liliwatengenezea ngazi za kamba za kuvukia juu ya barabara, nao wakajifunza kuzitumia. Ikiwa mbega alifikiriwa hata akajengewa daraja, mbayuwayu anaomba kipande cha ubao na karai la udongo.

Na kama umekwisha kumkuta amejenga juu ya mlango wako, jizuie kushika fagio. Kuanzia yai la kwanza hadi makinda kuruka ni kama wiki 5 tu. Sakafu itaoshwa, na watoto wako watakuwa wameona jambo ambalo vitabu huwaeleza kwa picha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.