Neno "Nzuri" Lilivyotugombanisha

Msomaji wangu, kuna neno moja lililotaka kunivurugia ndoa, na wala si jina la mwanamke mwingine. Ni neno "nzuri". Subiri nikusimulie.

Tulihamia Tabora mwaka 2015. Mume wangu ni mwalimu, alipangiwa kule. Mimi nikaacha kazi Dar nikamfuata, ndoa ikiwa na miezi minane. Kwa mtoto wa mjini, Tabora ya miezi ya kwanza ni ukimya mtupu: humjui mtu, jua kali, na kufika saa tatu usiku mtaa mzima umelala. Nilipata kazi ya uhasibu, lakini jioni zilikuwa ndefu mno. Ndipo nikanunua kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, nikajiambia sasa mimi ni mpiga picha.

Na vya kupiga vipo, jamani. Huu ndio Unyanyembe, mahali misafara iliyotoka Bagamoyo ilipotua mizigo, ikapumzika, kisha ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa 1857, enzi wageni wakipaita Kazeh. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872 akingoja wapagazi, na tembe lile sasa ni makumbusho. Kuna miembe mikubwa ya tangu zama hizo. Kila Jumapili tulipanda pikipiki, leo Kwihara, wiki ijayo bwawa la Igombe. Napiga picha mia, tunarudi, nampa kamera.

"Unaonaje?"

"Nzuri, mke wangu."

Zote zilikuwa nzuri. Mwaka mzima! Nikachagua kumi na mbili nikazipeleka studio mjini zisafishwe kubwa kubwa, zipambe sebule. Mwenye studio alikuwa mzee wa makamo, mtu wa picha za pasipoti na harusi. Akazipitia moja moja, kimya, halafu akainua ile ya miembe ya Kwihara.

"Mwanangu, hapa unataka nitazame nini?"

"Miembe, mzee."

"Mbona umenionyesha mbingu?"

Nikatazama. Kweli, nusu nzima ya picha ilikuwa mbingu nyeupe isiyo na hata wingu, na miembe imejibana chini kama watu wanaokimbia mvua. Mzee akaendelea. Hii umepiga saa saba, jua utosini, ardhi yote imekuwa bapa. Hii upeo umelala, bwawa linataka kumwagika. Hii ina vitu sita, vyote vinapiga kelele. Katika kumi na mbili akabakiza moja, na hiyo akaikata pembeni. Nikamlipa, nikatoka na machozi ya hasira.

Nyumbani nikatapika yote nikitegemea mume wangu atamlaani yule mzee. Akakuna kichwa.

"Lakini mzee kasema kweli."

"Wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Sasa kwa nini hukusema? Na pilau yangu je, nayo nzuri?"

Akanyamaza kidogo. Kosa kubwa. "Chumvi huwa inazidi."

We acha tu. Usiku ule kila mtu alilala anatazama ukuta wake. Picha wala hazikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba kama "nzuri" ilikuwa ya kunipoza, je, "nakupenda" nayo ni ya namna hiyo? Siku ya tatu ndipo aliponieleza. Alisema aliniona nilivyokuwa nikikaa dirishani miezi ile ya kwanza. Kamera ndicho kitu pekee kilichonifanya nicheke Tabora. Aliogopa akiigusa tu, nitapanda treni nirudi kwetu.

Sikumjibu. Unamjibu nini mtu kama huyo? Nilimwambia tu kuanzia siku hiyo neno "nzuri" ni marufuku ndani ya nyumba. Ukiona picha, sema jicho lako limekwenda wapi kwanza, na wapi limechoka.

Nikarudi pia kwa mzee, kiburi mfukoni. Alinikatia vipande viwili vya boksi vyenye umbo la herufi L. Unaviweka juu ya picha, unavisogeza, unabana, unaachia, mpaka ubaki na kile tu unachokitaka. Niambie, fundi gani mwingine angenipa somo hilo bure? Miezi kadhaa ikapita hivyo. Miti ikaanza kusimama, njia ikaanza kwenda mahali. Siku moja mzee akasema, "Sasa vitu vilivyotulia umeviweza. Kapige maji yanayoanguka, uone kama yatakusubiri."

Shida ni kwamba Tabora ni tambarare. Ya Kalambo, kule Rukwa mpakani na Zambia, yanaporomoka zaidi ya mita 200, lakini safari yake si ya mfuko wetu. Mume wangu, mtu wa jiografia, akafungua ramani akafuata reli kwa kidole kuelekea magharibi. Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na sehemu kubwa inafuata mwelekeo ule ule wa misafara. Kidole kikasimama Uvinza, penye chumvi iliyosafiri na wafanyabiashara kwa karne nyingi. Hapo njia inakutana na mto Malagarasi, ambao wapagazi waliuvuka kwa mitumbwi baada ya kutoa hongo kwa wenyeji. Stanley mwenyewe aliilipa mwaka 1871. Na chini zaidi mto unapoelekea Ziwa Tanganyika, kuna maporomoko ya Igamba.

Tukaenda Mei 2017, mvua zikiwa zimeisha lakini mto bado umeshiba. Treni usiku, kisha bodaboda, kisha miguu. Unayasikia kabla hujayaona. Si marefu ya kukuvunja shingo. Ni mto mpana unaojitupa juu ya mawe, ngazi baada ya ngazi, na mvuke wake unakulowesha shati ukiwa bado mbali. Nikasahau yote niliyofundishwa. Saa saba mchana, nikapiga kama mwehu. Jioni tukakaa kitandani gesti, nikampa kamera.

Akazipitia zote. Nikaona anameza mate.

"Sema."

"Maji yameungua. Meupe tupu, kama shuka limeanikwa. Na sijui ni makubwa au ni madogo. Yanaweza kuwa mfereji wa nyuma ya nyumba yetu."

Iliuma, sikudanganyi. Lakini safari hii nilichukua kalamu nikaandika.

Asubuhi yake tulikuwa pale mapema. Kule magharibi jua huchelewa, hivyo tulipata mwanga laini wa kutosha kabla halijatoka. Nikafunga kamera kwenye tripodi, ISO 100, tundu la lenzi f/16, shata ibaki wazi sekunde mbili. Kwa kasi hiyo maji yanayokimbia hujichora kama uzi, ndiyo picha zile za kwenye kalenda. Nikamwonyesha kwenye kioo, nafuta lenzi kwa khanga maana mvuke ulikuwa unatua kila dakika.

"Laini," akasema. "Lakini hapa masikio yananiuma kwa ngurumo, na kwenye picha nasikia kimya. Maji yako yamelala."

Alikuwa sahihi, na hajawahi kushika kamera zaidi ya dakika tano. Sekunde mbili zinafaa kijito. Mto mzito kama huu ukiuachia hivyo unageuka sufi. Nikafungua tundu kidogo, nikashusha mpaka sehemu moja ya nane ya sekunde. Maji yakapata misuli: yanasogea, lakini unaona mahali yanapogonga jiwe. Kisha nikamtuma akasimame kwenye mwamba mkavu, mbali na ukingo, na shati lake jekundu. Ghafla mto ukapata ukubwa wake. Amekuwa kitone tu pale, mume wangu.

Nikiwa namngoja arudi nilimkumbuka Grant, aliyepita Tabora na Speke mwaka 1861. Alitoka Uingereza na kamera, lakini joto la kile kihema cha kusafishia picha lilikuwa la kuua, ikarudishwa pwani, akabaki na penseli na rangi. Speke alipoyafikia maporomoko ya Ripon, Julai 1862, hapakuwa na kamera. Na mwaka 1954 bwawa la Owen, kule Jinja, liliyafunika. Igamba nako pamepangiwa mradi wa umeme wa megawati 49.5. Umeme tunautaka, tena sana, lakini nafurahi niliwahi.

Picha ya shati jekundu iko sebuleni. Mzee wa studio aliikagua kwa vile vipande vyake vya boksi, akavisogeza weee, mwisho akaviweka chini. "Kulia kuna tawi," akasema. "Ungelikwepa." Ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa. Tawi lipo, na kila mgeni akija nalionyesha mimi mwenyewe.

Wiki mbili baada ya safari, mume wangu alinisogezea daftari mezani. Mpango wa biashara. Mizinga ya nyuki hamsini, asali ya miombo, akiba yetu yote na mkopo juu. Kumbe alikuwa anauandika tangu mwaka wa kwanza na hakuthubutu kunionyesha.

"Soma," akasema. "Na ukiniambia nzuri, nalala kwa jirani."

Nikaenda kutafuta kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza tu, hesabu ya usafiri haikuwepo.