Umri wa Hadithi

Mdogo wangu wa kike alikuwa amefika kurasa za mwanzo za Le monde s'effondre, riwaya ya Chinua Achebe katika tafsiri yake ya Kifaransa, nilipomweleza bila kuulizwa yatakayompata Ikemefuna, yule kijana aliyeletwa nyumbani kwa Okonkwo kutoka kijiji kingine. Alikifunga kitabu. «Yaya, umeninyang'anya,» akasema.

Nilijitetea kwa ukali. Kitabu kilitoka mwaka 1958, sisi sote wawili hatujazaliwa. Hadithi iliyozeeka hivyo ina siri gani tena? Nikaleta na mashahidi. Shakespeare mwenyewe anatangaza katika utangulizi wa Romeo and Juliet kwamba wapenzi hao watakufa, na watu hawaondoki. Tena hapa kwetu Kivu, Candi Rureke alipowaimbia Wanyanga utenzi wa Mwindo mwaka 1956, siku baada ya siku, waliomwitikia hawakuwa wageni wa Mwindo. Walijua kwamba baba yake angemfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Walikuja kusikia jinsi Rureke atakavyolisimulia.

Hoja hizo bado naziona kuwa za kweli, ila hazikunihusu. Shakespeare alifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe; mimi nilivunja wa jirani. Na kila mmoja wa wale Wanyanga aliwahi kuwa na siku yake ya kwanza ya kumsikia Mwindo, siku ambayo hakujua kama mtoto atatoka ndani ya ile ngoma.

Achebe anamweka Ikemefuna kwa Okonkwo miaka mitatu, hata Nwoye akamwona kuwa kaka yake. Miaka hiyo ni kwa ajili ya msomaji pia, apate kumzoea polepole. Mimi nilihesabu umri wa kitabu tangu kilipochapwa. Kwa mdogo wangu kilikuwa na umri wa siku mbili.

Sisemi tuufiche mwisho wa kila hadithi; mwalimu hafundishi riwaya kwa kuishia njiani. Lakini aliye bado katikati aulizwe kwanza. (Nanyi ambao hamjaisoma, Ikemefuna nimemwachia Achebe.)

Alikimaliza kitabu baada ya majuma kadhaa. Nikamwuliza amekionaje.

«Kizuri,» akajibu. «Ila yule kijana, yaya, sikumzoea.»