Magego Yasiyoandikwa

Katika kituo cha afya cha Butembo, mashariki mwa Kongo, nilikojifunza kazi, rejista ya meno ilikuwa na neno moja kwa kila mtu: limeng'olewa. Limeng'olewa kwa nini, hapakuwa na safu ya kuandika. Kwa hiyo ukiisoma rejista ile utadhani gego lililokwama ni ugonjwa wa watu wa mbali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliojumlisha tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wana walau gego moja la mwisho lililokwama. Kwetu yalikuwepo pia, ila bila radio (picha ya eksirei) ya taya hatukuyaona mpaka yaume.

Nilijifunza kuyatambua kwa vidole. Kijana wa miaka 17 hadi 25 anakuja ameshika shavu, anasema sikio linamuuma. Namwambia, "Papa, ingiza vidole vitatu mdomoni." Kimoja ndicho kinachopita. Hapo najua: gego la chini limelala, limemwegemea jirani yake, nusu limefunikwa na ufizi, na chini ya ufizi huo fufu na sombe vimeoza. Wengi walikuwa wamekwisha kung'olewa gego la jirani, zima kabisa, kwa sababu ndilo lililoonekana.

Jino la pili kwa kukwama ni chonge la juu. Hilo haliumi sana, na mama wa miaka thelathini anaweza kuishi na chonge lake la utotoni bila kujua lolote.

Kulitoa gego lililolala si kuvuta. Unatia ganzi, unapasua ufizi, unachonga mfupa, unalikata jino vipande, unashona. Umeme ukikatika katikati na jenereta haina mafuta, unamaliza kwa patasi na nyundo, huku ukikumbuka kwamba chini ya mizizi unapita mshipa wa fahamu wa mdomo. Ukiugusa vibaya, mtu anakaa miezi asijue kama chai imemmwagikia kidevuni.

Halafu ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina upande wa Beni, na baada ya muda ilikuwa Butembo na Katwa. Kila mlango wa kituo ukawekwa maji ya klorini na kipimajoto cha kulenga paji la uso. Sasa hebu fikiri: gego lenye usaha huleta homa, kichwa kuuma, shida ya kumeza, na damu kwenye ufizi. Zote hizo zilikuwa kwenye orodha ya dalili za Ebola. Wagonjwa wa meno walilielewa jambo hilo kabla yetu. Walijifungia nyumbani, wakanunua vidonge vya amoksisilini viwili viwili dukani, wakasukutua maji ya chumvi, wakangoja.

Mchuuzi mmoja wa viazi aliletwa na ndugu zake usiku, shingo imevimba na kuwa ngumu, ulimi umeinuliwa juu, mate yanamtoka. Usaha wa gego ulikuwa umeshuka chini ya ulimi. Hali hiyo huziba pumzi na kuua. Lakini alikuwa na homa, basi kwanza kutengwa na kupimwa damu. Jibu likawa hana Ebola. Ikatakiwa kungoja kipimo cha pili baada ya saa 48. Daktari hakungoja. Alivaa mavazi yote ya kinga, akapasua chini ya kidevu, usaha ukatoka, dawa ikaingia kwa mshipa. Gego lenyewe tulilitoa baadaye, na yule bwana anauza viazi mpaka leo.

Siku hizi ninabishana na wauguzi vijana. Mimi nawaeleza kwamba Uingereza, tangu mwaka 2000, inashauri gego lisilo na ugonjwa liachwe. Wao wananijibu, "Mzee, Mwingereza likimuuma atafika hospitali jioni hiyohiyo. Wa Oicha je?" Oicha iko upande wa Beni, na tangu mauaji ya raia yaanze huko mwaka 2014, safari ya kutoka huko hadi kwetu si ya kwenda kila unapotaka. Kwa mtu wa hapa mjini bado nashikilia langu. Kwa wa Oicha, gego likiwa limeegemea jirani na ufizi umekwisha kuvimba hata mara moja, namwambia tulitoe kabla hajapanda gari la kurudi.