Shamba la Majaribio

Uyole, upande wa mashariki wa jiji la Mbeya, penye njia panda ya kwenda Tukuyu, ni mahali pa mbegu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo kimetoa maharage yenye majina mashuhuri: Uyole 84, Uyole 96, Njano Uyole. Lakini mbegu iliyostawi Uyole haisifiwi kwa Uyole peke yake. Hujaribiwa Mbozi, hujaribiwa na Ismani katika Iringa, ambako mvua ni haba. Udongo haudanganyiki kwa sifa.

Hekima hiyo yawafaa pia watungao programu huria. Desturi yao njema ni hii: kila badiliko linapoingizwa katika programu, kompyuta huijenga upya na kuipima papo hapo, hata mara nyingi kwa siku, ili kasoro ikamatwe ingali changa. Lakini kompyuta ya kupimia kwa kawaida ni ya jamii moja, ile ya prosesa za Intel na AMD. Programu hufaulu katika shamba moja, kisha hupelekwa katika mashamba yote: Arm, iliyomo ndani ya simu karibu zote, RISC-V, iliyoanzia Berkeley mwaka 2010, Power, na mashine kubwa za IBM Z, ambazo huzipanga baiti za namba kinyume cha Intel. Namba iliyoandikwa huku yaweza kusomwa vingine kule, bila ya onyo lolote.

Njia za kuponya upungufu huu ni tatu. Ya kwanza ni kuiga. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huifanya kompyuta ya kawaida ijigeuze nyingine. Ni nyumba ya kioo: hali ya hewa huigwa, lakini mvua si yenyewe, na kazi huenda polepole.

Ya pili ni fadhili. Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon huazima mashine za Power kwa miradi huria. Travis CI ilifungua mlango kwa Arm, Power na Z mwaka 2019. Mwaka 2020 ikabadili masharti ya huduma yake ya bure, na miradi mingi ikahama. Cha kuazima hakisitiri daima.

Ya tatu ni kuwa na mashine yako. Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, ni ya jamii ya Arm, na hutosha kiganjani. Wilayani Karatu shule za sekondari zimepata kufundishia kwa kompyuta hizo, kwa umeme wa jua. Kifaa cha namna hiyo chaweza kupima programu usiku kucha. Ila kisipokee kazi ya wasiojulikana, kwa kuwa atumaye programu ipimwe hutuma amri zitakazotekelezwa.

Asiyejaribu kila mahali hakulifuta jaribio. Amemwachia mtumiaji alifanye. Mkulima aliyepewa mbegu isiyopimwa katika udongo wake hupoteza msimu. Mwalimu mwenye mashine isiyokumbukwa hupoteza somo, na pengine hudhani kosa ni lake. Haki anayodai ni ndogo: apimiwe kabla ya kupewa.