Nyuma ya Bega

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona sare za shule katika kambi ya Nakivale hapa Uganda, na sasa anaishi Anchorage, Alaska, alikohamishiwa pamoja na mke na watoto. Kabla ya hapo hakuwahi kuwinda hata sungura. Ndiyo maana nilicheka aliponitumia picha akiwa msituni, amevaa kofia ya manyoya, upinde mkononi.

Likizo iliyopita alinipa kazi. "Mpwa wangu, wewe unasoma Kiswahili chuoni. Watu wetu wanaofika huku wanatamani kuwinda, lakini maelezo yote ni ya Kiingereza. Mimi nitasema, wewe utaandika." Nilikubali upesi nikidhani ni kazi ya jioni moja. Ilimaliza likizo nzima.

Shida ya kwanza ilikuwa jina la mnyama. Wenyewe kule wanamwita musi. Nilijaribu kuandika kulungu, nikafuta, maana msomaji wetu atawaza mnyama wa kichakani asiyemzidi mbuzi kwa mbali. Pofu anakaribia kidogo kwa ukubwa. Lakini dume la musi wa Alaska huweza kufika kilo 700, bega lake liko juu kama utosi wa mtu, na pembe zake, pana kama makafi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Basi nikaandika musi, nikaeleza. Maneno ya silaha, kinyume chake, yalikuwa yananisubiri yote: podo, ugwe, chembe. Maneno ambayo mimi niliyakariri kwa ajili ya mtihani, mjomba alikuwa ameyavaa mgongoni.

Ushauri wake wa kwanza kwa anayeanza ni kwamba asinunue upinde. Aanze na karatasi. Ili uhesabiwe mkazi katika mambo ya uwindaji ni lazima uwe umeishi Alaska miezi 12 mfululizo. Mgeni kutoka nchi nyingine asiyetimiza hayo hawezi kuwinda musi bila kiongozi mwenye leseni, na huyo hakodishwi kwa pesa za kufagia hoteli. Halafu kuna leseni, kadi ya mawindo, na mafunzo ya upinde yenye cheti. Upinde wenyewe sharti uwe na nguvu ya pauni 50 au zaidi, yaani kama kilo 23 za kuvuta. Vijana, anasema, hukimbilia pauni 70 ili waonekane wanaume, kisha wanauelekeza upinde mbinguni wanapovuta, mikono ikitetemeka. Afadhali 50 unazozivuta polepole, umeketi, umechoka, na baridi imekushika vidole.

Jambo jingine ambalo fundi pekee angeliwaza: fanya mazoezi ukiwa umevaa koti utakalowindia. Ugwe hugonga mkono mpana wa koti na mshale ukaenda upande. Yeye aliubana mkono wa kushoto wa koti lake kwa cherehani, na sasa anawabania wenzake bila malipo.

Mawindo yenyewe ni Septemba, madume yanapokaribia kutafuta majike. Mwindaji huiga mlio wa jike, mrefu na wa kuomboleza, au hukwaruza vichaka kwa mfupa mkavu ili dume lidhani mpinzani amefika. Mjomba alijifunzia mlio huo sebuleni mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Baada ya kuita, unakaa kimya, pengine saa nzima, upepo ukikupiga usoni. Upepo ukigeuka na kukupiga kisogoni, nenda nyumbani.

Kisha kuna inchi 50. Katika sehemu nyingi za Alaska dume kubwa haliruhusiwi kuuawa mpaka pembe zake zifike upana huo, au ziwe na idadi fulani ya matawi juu ya paji la uso. Mjomba amepima viuno na mabega ya watu tangu ujana wake; inchi 50 ni sentimita 127, anazijua hata gizani. "Lakini mteja husimama," aliniambia. "Huyu anatikisa kichwa, tena yuko nyuma ya miti." Mwaka mmoja aliliacha dume lipite mbele yake kwa sababu aliliona kama 49. Wenzake walimsema njia nzima. Mimi nadhani huo ndio ukurasa bora wa maelezo yetu, ingawa yeye alitaka niufupishe.

Sasa niseme kosa langu. Katika sehemu ya kulenga niliandika: "Mnyama akisimama ubavu, lenga begani." Nilimtumia, naye akampelekea jirani yake mgeni aliyekuwa akijiandaa. Siku mbili baadaye simu ililia usiku wa manane. Kwake ilikuwa mchana. Hakunisalimu.

"Umeandika begani?"

"Ndiyo, mjomba."

"Begani kuna mfupa! Risasi labda itauvunja. Mshale hauendi popote. Nyuma ya bega, kwenye mapafu. Nyuma!"

Nilimwambia nitasahihisha asubuhi. Akasema nisahihishe sasa hivi, akangoja kwenye simu nikiwasha kompyuta. Nilipomaliza, hakukata. Ndipo aliponieleza habari ambayo katika mwezi mzima wa kazi yetu hakuigusa.

Msimu wake wa kwanza aliita dume likaja hadi hatua 25. Lilisimama ubavu, akavuta, na alipoachia likageuka kidogo. Mshale ukaingia begani na kukwama. Badala ya kuketi na kungoja walau nusu saa ili mnyama alale karibu, alilikimbilia. Likatoweka msituni. Jioni ilikuwa imeingia, na mvua ikaosha damu kwenye majani. Walitafuta siku mbili, yeye na Wakongo wenzake wawili, wakapata kipande cha mshale tu. Sheria haikumkamata, lakini msimu ule hakuvuta ugwe tena. Alijihesabia kwamba amekwisha kuua.

"Mnyama mkubwa vile," alisema, "na nyama haikuliwa na mtu."

Nyama ndiyo sababu ya safari. Dume kubwa hutoa kama kilo 225 za nyama tupu, na sheria hairuhusu kuiacha msituni wala kutoa pembe kabla ya nyama. Kuiuza pia hairuhusiwi. Kwa hiyo usipige mbali na barabara au boti kuliko unavyoweza kubeba. Mjomba haendi zaidi ya kilomita moja na nusu, na mapaja ya nyuma hubebwa na watu wanaopokezana. Ipoze haraka, uitie kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa (mifuko hiyo, bila shaka, anaishona mwenyewe). Matumbo yakae mbali na nyama, kwa kuwa dubu hufuata harufu. Aliyepiga peke yake huchinja huku akigeuka nyuma kila dakika.

Kabla ya kuchapisha nilimsomea maelezo yote kwa simu. Nilipofika sehemu ya kulenga nilimuuliza kama niiweke ile habari ya msimu wa kwanza, au niiache. Alinyamaza. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Iweke," akasema. "Na uandike kwamba kulikuwa karibu giza, na wingu nililiona."